Mwaka mmoja tangu Kirui abaki Everest: mtu asiye na kaburi tunamkumbukia wapi?

Njia ya Sirimon (mwenye uzi)

Wakuu, hamjambo.

Leo ni tarehe 22 Mei. Mwaka jana, 2024, siku kama hii ilikuwa Jumatano. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya chai kazini, simu ikaanza kulia mfululizo. Kikundi chetu cha kupanda milima hakikosi kelele: nani anauza buti, nani ana nafasi kwenye gari la Njabini Jumamosi, nani hajalipa pesa ya mwongozaji. Siku hiyo swali lilikuwa moja na lilirudiwa na kila mtu. Mna habari za Kirui?

Kwa wasiomjua: Joshua Cheruiyot Kirui, mwana wa Nandi, mfanyakazi wa benki, miaka 40. Wiki nzima yuko kwenye dawati kama sisi, siku za mapumziko yuko mlimani. Mlima Kenya aliupanda mara nyingi. Mwaka 2023 akafika kilele cha Manaslu kule Nepal, mita 8,163, mlima wa nane kwa urefu duniani, bila kutumia mtungi wa oksijeni. Mwaka uliofuata akaenda Everest na nia ileile, awe Mwafrika wa kwanza kufika mita 8,848 kwa pumzi zake mwenyewe.

Alipanda na Nawang, mwongozaji Msherpa wa miaka 44. Mtungi mmoja wa dharura walikuwa nao, kwa hiyo wanaosema alikwenda bila mpango wowote hawakufuatilia. Asubuhi ya tarehe 22 Nawang aliita kambi ya chini kwa redio. Alisema Kirui haeleweki, hataki kugeuka na hataki kuvishwa mtungi. Baada ya hapo redio ikanyamaza. Kesho yake waliokwenda kutafuta walimkuta Kirui amefariki, mita chache chini ya kilele. Nawang hawakumwona.

Kisha familia ikatoa tamko. Baada ya kushauriana waliamua mwili wa ndugu yao ubaki kulekule. Kuushusha kutoka mahali pale kunahatarisha maisha ya watakaotumwa, na kwa jinsi Kirui alivyowapenda watu aliopanda nao, asingetaka yeyote ahatarishwe kwa ajili yake. Nililisoma lile tamko mara tatu. Mwaka ule ule, Februari, tulikuwa tumempoteza mwanariadha Kelvin Kiptum kwa ajali ya gari akiwa na miaka 24. Kiptum walau tulimzika. Watu walisimama, wakaimba, wakatupa udongo. Huyu wa Mei tulimwacha kwenye barafu tukarudi kazini.

Sikumjua kwa karibu, wala hatukuwahi kupeana mkono. Lakini Jumamosi iliyopita nilikuwa Elephant Hill, matope ya Mei yanafika kwenye ugoko. Tulipofika pale wanapopaita Mahali pa Kukata Tamaa, tukakaa kumenya mayai ya kuchemsha, kijana mmoja mgeni kwenye kikundi akauliza, "Yule mtu wa benki alizikwa wapi?" Tulitazamana tu.

Ndiyo sababu ya uzi huu. Nina wazo la kupeleka kibao kidogo cha shaba Mlima Kenya, kambi ya Shipton, pale unapokiona kilele cha Batian uso kwa uso. Nimeshaongea na fundi wa kuchora, ameshachukua hela ya kwanza. Mnaonaje?

---

Kiti cha Mbele

Apumzike kwa amani, ila tusidanganyane. Huyu bwana aliyataka mwenyewe. Una kazi benki, mshahara kila tarehe 28, unakwenda kutafuta nini mahali ambapo hata ndege hawatui? Wazungu wamemaliza matatizo yao, sisi hatujamaliza. Mtoto wangu akiniambia anakwenda Everest ninamfungia mlango.

---

Mgumu wa Marangu

Mkuu hapo juu, nakujibu kwa heshima.

Mimi niko Moshi, upande wa Marangu. Kilimanjaro nimeanza nikiwa mgumu, yaani mbeba mizigo, kilo 20 za mgeni kichwani na zangu mgongoni. Sasa ni mwongozaji. Hayo unayosema, "unatafuta nini huko", wazee wetu walituambia pia, na mlima tuko nao hapo dirishani tangu tuzaliwe. Mwaka 1961 Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge kule juu usiku wa uhuru. Nyinyi Kenya mna Kisoi Munyao, alipandisha yenu Point Lenana, Mlima Kenya, Desemba 1963. Hakuna aliyewauliza wale wanatafuta nini. Everest yenyewe mzee wenu James Kagambi amefika Mei 2022 akiwa na miaka 62, akiwa Mkenya wa kwanza, na huku kwetu Wilfred Moshi alishafika 2012. Kwa hiyo hili la mambo ya Wazungu tuliache.

Nataka niongelee ile sehemu ya "hataki kugeuka". Watu wa chini wanaisoma wanaona ubishi. Mimi nikisoma pale nywele zinanisimama, kwa sababu nimeshaiona.

Mwaka fulani nilikuwa na mgeni, mtu mzima, msomi, mpole tangu getini. Chakula anakula, maji anakunywa. Tukatoka Kibo Hut saa sita usiku kama kawaida. Tulipovuka pango la Hans Meyer akaanza kuniita kwa jina la mtu mwingine. Baadaye akavua glavu, anasema anasikia joto. Nikamwambia atembee kisigino mbele ya kidole, mstari ulionyooka, akaenda kama aliyetoka kilabuni. Nikamwambia tunashuka. Aisee, alinitukana! Yule mpole alinitukana matusi ambayo sikujua anayajua. Akanisukuma.

Mtu wa namna hiyo hubishani naye. Nilimwambia, "Sawa mzee, twende kileleni, ila kilele kiko upande huu." Nikamgeuza taratibu, nikamshika mkanda wa begi, tukaanza kushuka yeye akidhani tunapanda. Tulipofika chini karibu na Horombo, mita 3,700, akaniuliza mbona jua limetoka. Hakumbuki kitu hadi leo. Ananitumia salamu kila Krismasi.

Sasa mimi nilikuwa mita 5,200, kwenye changarawe, nina mwenzangu mmoja, nina nguvu zangu. Nawang alikuwa karibu na mita 8,800, njia ni nyembamba, upande huu ni Nepal, upande ule ni Tibet, na ukiteleza huna pa kusimamia. Ule ujanja wangu hauna nafasi pale. Hawezi kumbeba mtu, hawezi kumburuta. Angeweza kufanya kitu kimoja tu, kumwacha Kirui pale na kuteremka peke yake. Ninyi mnaosoma redio ilinyamaza, mimi ninasoma kwamba hakumwacha.

Kwenye kibao andikeni majina mawili. Na tafadhali msiandike "na Sherpa wake". Sherpa ni kabila, kama mimi Mchagga. Ana jina.

---

Muuguzi wa Zamu

Naongezea kidogo kwa upande wa tiba, maana naona swali la oksijeni linachanganya.

Hewa ya kule juu ina oksijeni kwa kiwango kilekile cha hapa, asilimia 21 hivi. Kinachopungua ni mgandamizo. Kilele cha Kilimanjaro kila pumzi inakuletea karibu nusu ya unachopata Mombasa. Everest ni theluthi moja. Juu ya mita 8,000 mwili haujengi tena, unajila wenyewe saa baada ya saa, hata ukilala. Ndiyo maana wapandaji wanapaita eneo la kifo.

Ubongo ni mlafi mkubwa wa oksijeni, na ubaya wake ni kwamba sehemu inayopima hatari ndiyo inayolegea mapema. Ubongo ukijaa maji mtu anaweza kukataa kitu pekee cha kumwokoa huku akiamini ana akili timamu. Kwa hiyo ndugu Kiti cha Mbele, ukisema aliyataka, ujiulize ni nani aliyekataa ule mtungi. Aliyeupanga nyumbani kwa utulivu alikuwa Kirui. Aliyeukataa kule juu, mimi nikimwona wodini katika hali hiyo simwombi hata sahihi.

Wapandaji Messner na Habeler walithibitisha mwaka 1978 kwamba inawezekana kufika bila mtungi. Hawakuthibitisha kwamba inawezekana kwa kila mtu kila siku. Hali ya hewa ya siku moja tu, usingizi mbovu wa usiku mmoja, kikohozi kidogo, hesabu inabadilika.

---

Kiti cha Mbele

Muuguzi, sawa, hapo kwenye mtungi nimekuelewa. Lakini kwenda ni yeye aliyeamua akiwa chini, akili timamu.

---

Njia ya Sirimon

Ndiyo, aliamua. Na waliompenda walijua ameamua. Sidhani kuna mtu hapa anasema alisukumwa. Mimi kinachoniuma ni lile neno "aliyataka" linavyotumika kufunga mazungumzo. Dereva wa bodaboda akifa Thika Road hatusemi aliyataka, na kila asubuhi anajua anakokwenda.

Mgumu, asante. Majina mawili nimekubali. Nilikuwa nimemwandikia fundi jina moja, na nimeona aibu kidogo.

---

Binti wa Ziwa

Mwenye uzi, swali lako lilikuwa kaburi, watu wamekimbilia mlimani. Ngoja nirudi kwenye swali.

Mimi ni Mjaluo, nyumbani ni karibu na Homa Bay. Kwetu mtu akizama ziwani mwili usipoonekana, haachwi hivyohivyo. Kunachukuliwa tunda la yago, lile refu linaloning'inia kama soseji, linawekwa kaburini badala yake, linazikwa kwa taratibu zote. Watu wanalia, chakula kinapikwa, boma linakuwa na kaburi. Mjomba wangu alizikwa hivyo. Nilikuwa na miaka tisa, nikamwuliza nyanya kama wanajua ni tunda. Akanitazama akasema, "Sasa wewe ulitaka tukae tumesimama mpaka lini?"

Sijui Wanandi wanafanyaje na sitaki kuwasemea. Nasema tu kwamba kuzika pasipo mwili si jambo jipya kwetu. Wavuvi wanalijua miaka yote. Wapanda milima ndio wanaanza kulijua sasa.

---

Nahodha Mstaafu

Assalaam aleikum jamaa zangu. Mimi wa Lamu, milima naiona kwenye kalenda tu.

Lakini hili la Binti wa Ziwa limenigusa. Kwetu pwani mtu akifa jahazini nchi kavu iko mbali, huoshwa, hukafiniwa, husaliwa, akateremshwa baharini. Na akipotea asionekane, husaliwa sala ya ghaibu, maiti hayupo mbele yenu. Mama yangu ana ndugu wawili walioondoka na kusi wasirudi. Hana kaburi la kuzuru. Kila akipita ufukweni jioni husimama kidogo, huwasomea Fatiha, hushika njia. Huo ndio uzuru wake, na ameufanya miaka hamsini.

Nalotaka kusema mimi, ile familia ya huyo kijana imefanya jambo zito. Kumwacha mwanao ili mwana wa mwingine asife kumfuata. Sisi baharini tuna kawaida hiyo: bahari ikichafuka hutumi mashua ya pili. Lakini kuijua kawaida ni kitu kimoja, na kuishika siku ya mwanao ni kingine kabisa.

Na mnasema miaka 40. Wallahi huyo ni kijana. Mimi nina 71.

---

Kiti cha Mbele

Mzee Nahodha, shikamoo. Umeniweka mahali pagumu. Baba yangu mdogo alipotelea kwenye mgodi, hatukumpata. Kila mwaka shangazi anauliza kama tumesikia lolote. Miaka kumi na minne.

Sibadilishi msimamo wangu kuhusu Everest. Lakini neno lile nalirudisha.

---

Nahodha Mstaafu

Marahaba mwanangu. Mungu awape subira. Mfanyieni dua, mkae na shangazi yenu siku hiyo, msimwache aulize peke yake.

---

Mgeni wa Longonot

Samahani kwa kuingilia, mimi ndio kwanza naanza, nimepanda Longonot na Kilimambogo tu. Ni kweli gharama ndiyo imezuia mwili kushushwa? Huku mitaani wanasema familia ingechangiwa.

---

Mgumu wa Marangu

Hela ni sehemu, lakini hata ungekuwa na za kumwaga. Mwili ulioganda ni mzito kuubeba, unashika mwamba, unahitaji watu wengi wenye nguvu wakae muda mrefu mahali ambapo dakika zinahesabiwa. Helikopta hazifanyi kazi za kubeba watu pale kileleni, hewa ni nyepesi mno. Zaidi ya watu 300 wamefia Everest tangu waanze kupanda, na wengi wao bado wako hukohuko. Wanaotumwa kuwashusha ni kina Nawang haohao, wana watoto shuleni kama mimi.

Mwaka ule taarifa zilitoka kwa Kiingereza kila mahali: Mkenya afia Everest. Nawang alipewa mstari mmoja mwishoni. Niliwasomea vijana wangu pale geti la Marangu, mmoja akasema, "Sisi tukifa tutapata hata huo?" Tulicheka, kicheko kile cha kazini.

Na kwako mgeni wa Longonot: usiogope. Panda polepole, kunywa maji, ukiumwa kichwa sema. Wanaokufa wengi ni wanaonyamaza.

---

Mgeni wa Longonot

Ahsante mkuu. Je, Lenana ni hatari kama hiyo?

---

Njia ya Sirimon

Lenana ni mita 4,985, unatembea kwa miguu, huhitaji kamba. Batian ndiyo mita 5,199, na ile ni ya watu wa kamba na mwamba. Lakini usiidharau Lenana. Kinachoumiza watu ni haraka: wanataka kutoka Nairobi Ijumaa, wawe kileleni alfajiri ya Jumapili, Jumatatu wawe ofisini. Lala kambi ya Old Moses, lala Shipton usiku mbili kama unaweza. Siku moja ya ziada ni bei nafuu kuliko dawa zote.

Turudi kwenye kibao. Fundi amenipigia, anauliza kama aanze.

---

Binti wa Ziwa

Nina wasiwasi mmoja. Ukiweka chako, kesho na wa kikundi kingine ataweka chake, keshokutwa kampuni italeta cha kwake chenye nembo. Baada ya miaka kumi Shipton itakuwa kama ukuta wa matanga.

---

Mgumu wa Marangu

Nakubaliana na dada. Na hifadhi yenyewe haitakuruhusu kupigilia kitu kwenye mwamba bila kibali, hilo nakuhakikishia kwa uzoefu wa huku. Sisi kila safari tunashusha makopo na betri walizoacha watu wenye mapenzi mema. Ukitaka kuwafanyia kitu hawa wawili, panda na gunia tupu, shuka nalo limejaa. Ukifika mahali unaona Batian vizuri, taja majina yao kwa sauti. Mama yake Nahodha hana kibao.

---

Muuguzi wa Zamu

Na mpime oksijeni ya kila mtu jioni na asubuhi, kile kipimo cha kubana kidoleni hakina bei. Kipeni jina la Kirui hicho kipimo kama mnataka kumbukumbu.

---

Kiti cha Mbele

Mnakwenda lini?

---

Njia ya Sirimon

Agosti, mvua zikiisha. Tunapanda Sirimon tunashukia Chogoria. Kwa nini, unakuja?

---

Kiti cha Mbele

Nimeuliza tu.

Mpaka geti ninaweza kuwapeleka. Nina gari.

---

Njia ya Sirimon

Umeandikwa kama dereva, hiyo haifutiki.

Wakuu, nimempigia fundi. Kibao nimekifuta. Alikuwa ameshachora herufi tatu za mwanzo, kwa hiyo nusu ya hela hairudi, na kile kipande cha shaba kilichoandikwa "KIR" amekataa kukitupa, amesema atatengenezea bawaba ya mlango. Magunia nimepata manane, Mgumu ongeza ushauri kama manane yanatosha.